Mkono wa Dobrina

Watu wa mji wetu wa Kazanlak wakimsema Zdravka huanza na ukali wake, nami siwalaumu. Nilifagia maabara yake pale hospitalini miaka kumi na minne, na sikumbuki siku iliyopita bila yeye kunikaripia. Lakini semeni na hili basi.

Kazi yake ilikuwa kukata. Kipande cha nyama kikitoka chumba cha upasuaji, hukizika kwenye nta, hukichana kwa wembamba kuliko ngozi ya kitunguu, hukilaza juu ya kioo, hukitia rangi, kisha humpa daktari atazame kwa hadubini. Kusoma vioo hivyo haikuwa kazi yake. Alivisoma. Miaka thelathini na miwili unatia rangi, utajifanya kipofu?

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, kililetwa kipande cha uvimbe kutoka mkono wa kulia wa Dobrina, mchuma waridi. Daktari Lyubenov, kijana aliyetujia kutoka Sofia, akatazama kidogo, akaandika: saratani ya neva, mkono ukatwe Alhamisi.

Zdravka akachungulia hadubini. "Chembe za uvimbe huu zina sura mbaya, kweli. Lakini sioni hata moja inayogawanyika. Saratani gani hii isiyozaa?"

"Mama, wewe kata tu. Jogoo wa shamba hawiki mjini."

"Hapa ndipo shamba, mwanangu. Mgeni ni wewe."

Akapanda wodini, mimi na ndoo yangu nyuma. Dobrina alikuwa ameugeukia ukuta, analia. Zdravka akaushika mkono bila hata salamu. Uvimbe akiusukuma kushoto na kulia, unakwenda. Juu na chini, umegoma. Akaugonga.

"Uwii! Umeme mpaka kidole gumba!"

"Unao tangu lini?"

"Tangu niolewe. Miaka ishirini na sita."

Kwenye fomu, pale pa kuandika muda, palikuwa patupu. Hakuna aliyemwuliza! Nilitamani kuitupa ile ndoo.

"Huu umeota kwenye ala ya neva, ganda lake la nje, na umezeeka," Zdravka akasema. "Chembe zikizeeka huharibika sura, hazina nia mbaya. Si mnaniona mimi?"

Akavifunga vile vioo kwenye kitambaa chake cha kichwa, akajiandaa kupanda basi la kwenda mji wa Plovdiv, kwa profesa mmoja mzee. Lyubenov akamzibia mlango.

"Ukitoka navyo, usirudi kazini!"

"Thubutu! Nitarudi, na utanipisha papa hapa." Akapenya chini ya mkono wake, akaenda zake.

Jumatano jioni alirudi, akapishwa. Profesa alikuwa ameandika: uvimbe mpole, mkongwe, umenywe, neva iachwe. Alhamisi daktari wa upasuaji akaumenya ukatoka mzima kama yai lililochemshwa, na neva ikabaki mahali pake. Zdravka akapewa barua ya onyo kwa kuvunja utaratibu. Aliibandika juu ya mashine yake ya kukatia, kila aingiaye aisome.

Mwishoni mwa Mei, Dobrina aliingia maabara moja kwa moja kutoka shambani, ananukia waridi. Akampita Zdravka, akaenda mpaka mezani kwa Lyubenov, akanyoosha mkono wa kulia.

"Nishike mkono, daktari. Ni uleule."

Akaushika. Ule ni mkono wa kazi. Ulimbana mpaka akakunja uso, wala Dobrina hakumwachia mpaka aliposema samahani.

"Sauti juu," Zdravka akasema, hakuinua kichwa kwenye mashine yake. "Na mfagiaji asikie."