Insulini ya Mzee Obadiah katika Friji ya Baa

Obadiah Nyasani, mzee wa kanisa la Wasabato hapa kwetu Manga, hajaonja pombe tangu azaliwe. Hata chai, ambayo huilima shamba zima na kuipeleka kituoni kupimwa, haiingii kinywani mwake. Ndiyo maana watu walishika vichwa walipomwona akiingia katika baa ya Walter Owiti asubuhi na mapema, kofia kichwani, Biblia kwapani.

Alikuwa akifuata insulini yake. Sukari ilikuwa imempanda, na Nesi Marion wa zahanati alimwonya kwamba dawa hiyo haitaki joto. Friji ya zahanati ilikuwa imekufa, ikageuzwa kabati la mafaili. Nyumbani, Obadiah alijaribu kutumia chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, kama alivyofundishwa. Kuku wakapapenda, wakataga humo. Ikabaki friji ya Owiti, mfanyabiashara aliyetoka upande wa ziwa. Owiti aliziweka chupa za mzee kati ya bia na soda, akabandika karatasi: HII SI YA KUUZA.

Nawajua watu wetu. Ukiugua kimya watakuletea ndizi. Ukijitibu hadharani watakuitia kikao. Baraza la kanisa likaketi, nami nikiwa karani wake. Aliyewasha moto ni Mokua, mtunza hazina, mtu ambaye hata akichunga ng'ombe utadhani anapokea sadaka.

"Omogaka, mzee wetu, chagua," Mokua akasema. "Uzee wa kanisa ama baa."

"Nikiacha hiyo dawa nitakufa, ndugu yangu."

"Tutakuombea."

"Niombeeni nikiwa hai. Kanisa siachi, na dawa siachi."

Nilikasirika mpaka kalamu ikaniponyoka. Hatimaye wakapitisha jambo ambalo ni baraza letu tu lingeweza kulibuni: Obadiah angeruhusiwa kuingia baa, mradi aandamane na mzee mwenzake wa kushuhudia kwamba hakunywa. Akiingia peke yake, uzee umekwisha.

Shahidi wa kwanza alionekana akitoka baa, akasemwa sokoni, naye akadai shahidi wake. Huyo wa pili akasemwa vilevile. Haukupita muda, baraza zima likawa linaingia baa kila asubuhi, isipokuwa Mokua, aliyesimama mlangoni kuwanusa wanaotoka. Na kwa kuwa wazee wetu hawawezi kukusanyika bila wimbo, wakawa wanaimba kwa sauti zote nne mbele ya friji, huku Obadiah akiinua shati na kujidunga tumboni. Kisha sala. Kisha neno fupi, ambalo kwetu halijawahi kuwa fupi.

Walevi wa asubuhi wakahamia baa ya ng'ambo. Nani atameza bia huku mjomba wake anasoma Zaburi?

Owiti alivumilia, akachoka. Ijumaa moja aliwaita watu wa boda boda, wakaifunga friji juu ya pikipiki kwa kamba za mpira, wakapanda nayo mlima hadi kanisani.

"Wazee wangu, chukueni hii friji, mniachie wateja," akasema. "Bia yangu itajipoza na maji ya mto."

Tukaichomeka umeme katika chumba cha nyuma. Kesho yake, siku ya Sabato, Obadiah akasimama mbele ya waumini, akatangaza kwamba insulini yake sasa inalala nyumbani mwa Bwana, na nafasi bado ipo.

Mama Bitutu wa kwaya akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo iliyoviringishwa kitambaa chenye maji. Mwanamke mwingine akamfuata. Kisha shemasi. Miaka yote nimeandika majina ya wagonjwa wa kuombewa, na hawa hawakuwahi kuyataja yao. Niliona uchungu, nikalia.

Wa mwisho alikuwa Mokua. Alikuja na chupa mfukoni mwa koti.

"Huwa unaiweka wapi?" Obadiah akamuuliza.

"Kwenye debe la maziwa, kule kisimani."

"Tangu lini?"

"Kabla yako."

Uso wa Obadiah uliiva kwa hasira. "Ulitaka nife, Mokua."

"Niliogopa wakikuzoea wewe wataanza kunichunguza mimi."

Mimi ningemfukuza. Obadiah alifungua friji, akasogeza chupa zake kando.