Kidole Kilichohesabu Watoto

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja hunitoka jasho. Umekuja kuniaga kutoka chumba chako cha kupanga kule Shirere, umenisomea maswali yaliyojaa kwenye simu yako, unasema kesho mnaanza kuzunguka vijijini kuuliza kama pesa ambazo serikali inawapa wazee zimebadilisha maisha yao. Utafiti. Vizuri. Lakini kaa kwanza unywe chai, nikueleze kwa nini neno hilo hunitia baridi.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu ingali mpya. Nilikuwa nimeolewa huku upande wa Buyangu, mashamba yetu yakipakana na msitu. Mume wangu alifanya kazi ya reli Kisumu, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe na watoto. Mmbone, binti yangu mdogo, alikuwa amevimba uso na miguu, nywele zimegeuka nyekundu na kunyonyoka. Serikali ilikuwa imeanza kutoa maziwa ya unga kwenye zahanati, bure, kwa watoto wa namna hiyo. Nikawa namkorogea kila asubuhi. Uvimbe ukaanza kushuka, akaanza kucheka tena, na mimi nikaanza kupata usingizi.

Ndipo akaja Bwana Andayi, kijana wa chuo kikuu, na gari lake la kazi. Alitumwa kuchunguza kama maziwa yale yanawasaidia watoto kweli. Hakuwa mgeni, alizaliwa hapo chini karibu na Mukumu, na alitusalimu kwa lugha yetu vizuri kabisa. Tukamkalisha. Akaniuliza, "Mama, uko na watoto wangapi?"

Mimi nikamtazama mama mkwe.

"Wako," akajibu mama mkwe.

"Wako wangapi?"

"Wako tu. Sisi hatuhesabungi watoto."

Hata wewe unajua, ingawa mnajifanya mmesahau. Mtoto wa mtu hahesabiwi. Utataja majina yao, au utasema wapo, basi. Ukimhesabu ni kama umemwonyesha kwa kile kinachomtafuta. Andayi alilijua hilo tangu utotoni, lakini nadhani alifikiri shule yake ilikuwa imelifuta hata kwetu sisi. Akacheka kidogo, akanyoosha kidole, akaanza kukipitisha juu ya vichwa vya watoto: moja, mbili, tatu. Kidole kikaja kusimama mbele ya uso wa Mmbone, mapajani pangu. Nikamfunika uso kwa leso.

Mama mkwe akainuka. "Mzungu akifanya hivyo nitasema hajui. Wewe ni mtoto ya hapa. Mama yako alikuhesabunga?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani," akasema. "Sasa tuko na Uhuru."

Jioni hiyo, kabla obusuma, ugali wetu, haujaiva jikoni, mwili wa Mmbone ulikuwa moto na meno yake yanagongana. Leo najua ilikuwa malaria. Siku ile sikujua, na hata leo usiniulize sana.

Habari ilisambaa upesi. Wanawake wakaambiana kwamba maziwa ndiyo mtego wenyewe: kwanza watoto wananoneshwa, halafu wanahesabiwa, mwisho wanakuja kuchukuliwa. Jirani yangu Rasoa alikuwa na mwana aliyevimba kama Mmbone, naye alikuwa ameanza kupata nafuu. Nilimwona akimwaga unga wake migombani, udongo ukawa mweupe. Mimi wa kwangu niliuficha chini ya kitanda. Sikuthubutu kuumwaga, wala sikuthubutu kumpa mtoto. Hivyo ndivyo hofu inavyokufanya, mwanangu, unakaa katikati huku mtoto anakuishia mikononi.

Asubuhi Andayi akarudi na gari lake, hana habari. Wanaume walikuwa wamesimama njiani na mapanga. Nilisikia kelele zao. Mukumu kwenye hospitali ya misheni ni mbali, na gari lilikuwa hilo moja tu. Wakimkata yule kijana, Mmbone wangu angefia nyumbani. Nikamfunga mgongoni, nikakimbia mpaka njiani, nikasimama mbele ya wanaume wale. Machozi tu ndiyo yaliyotoka.

Nikasikia fimbo ya mama mkwe nyuma yangu. Nikaogopa zaidi, kwa maana nilidhani anakuja kuwaambia wapige. Akawapita. Akamwambia Andayi ashuke garini, akae chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

"Leo huulizi," akamwambia. "Leo unasikia."

Akaanza kumtajia wajukuu wake, jina baada ya jina, na kila jina limetoka kwa nani. Kila moja akamlazimisha alirudie. Wanaume wametulia, mapanga bado mkononi. Mwisho akanivuta, akamgeuza mtoto uso. "Huyu anaitwa Mmbone. Ni jina ya mama yangu. Sema."

"Mmbone," akasema Andayi.

"Sasa unamjua. Mpeleke hospitali."

Njia nzima niliogopa. Niliogopa joto la mgongoni, nikaogopa pale lilipopungua. Niliogopa kwamba kijana atakata kona isiyo ya Mukumu, na waliyosema wanawake yawe kweli. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kupanda gari, alinishika mkono mpaka kucha zake zikaacha alama. Lakini tulifika, Mmbone akachomwa sindano, na baadaye tukarudi naye nyumbani. Ndiye huyo shangazi yako anayekugombeza ukichelewa kanisani.

Mwana wa Rasoa hakurudi kwenye maziwa. Mama mkwe alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wanawake warudie maziwa, wengine wakasikia. Rasoa alikataa, akafunga mlango. Tulimzika mtoto yule kabla ya mavuno. Andayi alikuja mazikoni akasimama nyuma kabisa, mikono mitupu. Akanijia akaniambia polepole, "Nilikuja kuuliza kama maziwa yanasaidia, na ni mimi nimefanya yamwagwe."

Sikwambii usiende, mwanangu. Serikali ikitoa kitu, lazima atokee wa kwenda kutazama kama kimefika na kimefanya nini. Ila ujue kwamba swali likishaulizwa linabaki ndani ya nyumba ukiwa umeshaondoka. Ukiona mzee amenyamaza, usimcheke wala usiharakishe kumjazia jibu. Yawezekana anaogopa, na hofu ya mtu isikilize kwanza kabla hujamwambia kwamba haina maana. Na usijidanganye kwamba kwa sababu umezaliwa hapa basi watu wako unawajua. Andayi naye alizaliwa hapa.

Mwisho ni hili, na hili ndilo lililonifanya nikuwekee chai. Rasoa yuko hai. Anapokea pesa hizo mnazozifuata, na kesho mtafika kwake. Uliponisomea maswali yako nimesikia la kwanza linasema, umezaa watoto wangapi. Nakuomba, kwake usianze na hilo. Kaa chini, mwambie umetoka kwangu, umuulize habari za Shikami. Hilo ndilo jina la mwanawe. Sijui kama yupo aliyemuulizia tangu tulipomzika.

Sasa sogea nikutemee mate ya baraka kifuani kama nilivyotemewa na mama mkwe. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaobisha. Mdomo wako usimletee mtu kilio. Watu wakufungulie bila hofu, na ukiondoka wabaki salama, wao na watoto wao. Nenda, mwanangu, na urudi kwangu ukiwa mzima.