Ahoi ya Shemeji Salim

Nilisimama hatua mbili mbele ya meza ya Mzungu wa forodhani, nikazungushia viganja mdomo, nikapiga ukelele: "Ahoi!" Kalamu ilimdondoka.

Nilikwenda kuomba kazi ya bawabu, kwa kuwa mgongo wangu umeshaukataa ukuli. Nami mtu wa Mombasa siingii kwa mtu bila salamu. Shemeji yangu Salim, baharia, ndiye aliyenifundisha: "Wazungu wakikutana baharini huamkiana ahoi. Ukizidisha sauti umezidisha heshima." Wiki nzima nikajizoeza barazani kwangu Ndia Kuu, mke wangu akinisifu.

Karani wake alinishika mkono taratibu. "Mzee, hilo ni la kuita chombo kilicho mbali. Bwana anauliza kama u kiziwi, maana bawabu kiziwi hamtaki."

Nikatolewa nje. Jioni Salim akaja na halua, uso umemkunjuka. "Enhe, shemeji, alikuitikia?"

Halua nimeila, Salim, na kukupenda nakupenda, mjinga mkubwa wee. Lakini kesho asubuhi tunafuatana hadi forodhani, ukamwambie yule Mzungu kwa kinywa chako ni nani aliyenifundisha adabu.