Barua Iliyoingia Kifuani

Mama Risasi hakuitwa hivyo kwa sababu ya bunduki, ingawa ulimi wake ungetosha. Risasi ni ule waya laini wa kulehemia, na mama huyu ameuyeyusha kwenye redio na simu za watu kwa miaka ishirini na miwili, ndani ya kibanda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kila mwaka mafundi wenzake wanapokutana siku tatu kufundishana kazi, yeye hukaa mlangoni kuandikisha wageni. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliikalia tu, wakazoea.

Kitu kimoja alijivunia. Zamani kamati ya mkutano huo ilikuwa na sanduku la maoni, na maoni yote yaliishia kuwashia jiko la chai. Mama Risasi akachachamaa mpaka ikapitishwa kanuni: kila barua iwe na jina la mwandishi, na siku ya mwisho zote zisomwe jukwaani, watu wote wakisikia. Ikafaa kweli. Chai ya baridi ilisomwa, vyoo visivyo na maji vikasomwa, vikatengenezwa. Alitembea kifua mbele mwaka mzima.

Mwaka huu, asubuhi ya siku ya mwisho, fundi mmoja wa betri, dada wa miaka thelathini hivi aliyekuja kwa mara ya kwanza, alimfuata pale mezani amekumbatia begi lake la vifaa.

"Shikamoo mama. Nina barua kwenye sanduku. Naomba nirudishiwe."

"Marahaba. Ulikosea kuandika?"

"Sikukosea. Sikujua kwamba zinasomwa."

Barua ilimhusu Mwalimu, fundi anayeheshimiwa kuliko wote, yule anayefundisha kila mwaka na kupigiwa makofi kabla hajafungua mdomo. Jana yake alimwambia dada abaki nyuma amwonyeshe kipimo kipya. Akafunga mlango, akamshika kiuno. Aliposukumwa alicheka, akamwambia asijifanye mtoto mdogo.

"Mafundi walio humu ndio wanaoniletea kazi," dada alisema. "Ikisomwa pale mbele, mama, mimi nimekwisha."

Damu ilimchemka Mama Risasi, na kilichomchoma zaidi ni kwamba kanuni ilikuwa yake. Alipoileta aliwaza chai na vyoo, basi. Mtu aliyefungiwa mlango hakumwaza hata kidogo. Mjinga mkubwa yeye, na kifua chake mbele.

Alimkuta Mwenyekiti wa kamati jukwaani akipanga barua.

"Kuna moja ya kuondoa," alimwambia.

"Mama yangu, kanuni ni kanuni, tena uliileta wewe. Tukianza kuficha barua si tutarudi kulekule?"

"Hii si ya chai."

"Basi mwenyewe ajitokeze aeleze."

"Ajitokeze mbele ya aliyemfanyia? Una akili timamu kweli wewe?"

Mwenyekiti akamwomba apunguze sauti, wageni wanasikia. Wageni wanasikia, ati! Mlango ulipofungwa jana hakuna aliyesikia, leo ndipo masikio yamezibuka.

Mama Risasi alimpokonya fungu zima, akapekua mpaka akaipata barua ya dada, akaitumbukiza kifuani ndani ya gauni, mahali ambapo hakuna mjumbe wa kamati ambaye angethubutu kuifuata. Kisha akachukua kipaza sauti.

"Kuna barua moja haitasomwa. Anayelalamikiwa yuko hapa mstari wa mbele, na leo hafundishi. Mwalimu, toka nje."

Mwalimu alitabasamu, akakunja nne. "Nani ananilalamikia? Barua bila jina si barua. Si ndiyo kanuni yako?"

"Andika langu. Miaka sita iliyopita ulinibana kwenye chumba cha vifaa. Nikajichekesha, nikaita utani. Na kila mwaka nimekukaribisha mlangoni kwa mikono miwili."

Mwalimu aligeuka kutafuta wa kucheka naye, akamkosa. Akachukua koti lake, akaondoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana safari. Hapo ndipo makofi yalipoanza, mmoja, wawili, mpaka ukumbi mzima. Fundi wa antena, mzee wa watu, alikuja kumshika Mama Risasi mkono.

"Umetusaidia sana, mama. Tulikuwa tunajua siku nyingi, ila hakuna aliyeleta barua."

Mama Risasi alivuta mkono wake. "Mlijua."

Mzee akatazama viatu vyake. Makofi bado yalikuwa yanapigwa, na kila kofi lilimtia hasira upya. Kule nyuma dada wa betri hakupiga. Alikuwa amesimama na begi mgongoni, akichungulia nje dirishani, anasubiri Mwalimu afike mbali kwanza ndipo naye aondoke.