Bartolomayo Matonya, Aliyewekewa Matanga Akiwa Hai

Alizaliwa juu ya ngozi ya ng'ombe, ndani ya tembe la baba yake, mwendo wa nusu siku kutoka Buigiri, yapata mwaka 1882. Mwaka wenyewe haukuandikwa popote. Wazee walihesabu kwa njaa na kwa mvua, na huo ulikuwa mwaka wa mvua, ndiyo maana akaitwa Matonya, yaani matone. Baba yake, Ndahani, alikuwa mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Mama yake alibatizwa uzeeni kwa jina la Lydia, na kwa jina hilo tutamtaja tangu mwanzo. Baada ya Matonya alizaliwa Chedego, mdogo wake, na hao wawili walilelewa kama watoto wote wa Ugogo: uji wa uwele asubuhi, ng'ombe mchana kutwa, na fimbo ya baba jioni ikiwa ndama amepotea. Hakuna ishara ya utakatifu iliyoonekana kwake utotoni. Alikuwa mkaidi, alipenda ugomvi, na aliwahi kumvunja Chedego jino kwa sababu ya panzi wa kuchoma.

Mwaka 1897, Wajerumani wakiwa wameshakaa katika nchi, msafara wa wapagazi ulipiga kambi karibu na malisho ya Ndahani. Asubuhi ulipoondoka ulimwacha mtu mmoja chini ya mti wa miba, Mnyamwezi, mwili mzima umejaa ndui. Zamani zile mtu wa ndui hakuguswa, na akifa hakuzikwa. Watu waliamini kwamba ardhi ikimpokea mtu wa ndui, mvua inaikimbia nchi. Basi aliachwa porini na fisi walifanya kazi yao. Matonya alikuwa na miaka kama kumi na tano. Akamletea yule mtu maziwa, akakiweka kibuyu mbali, akakisukuma kwa fimbo. Mgonjwa akanywa, akamweleza habari ya nyumba moja huko pwani ambako watu kama yeye wanaoshwa, wanalazwa kitandani, na wakifa wanazikwa kwa kuimbiwa.

"Anayewaosha analipwa na nani?" Matonya akauliza.

"Halipwi."

"Muongo wewe."

"Kijana, mimi nakufa hapa. Nikikudanganya napata nini?"

Kesho yake Matonya alirudi na maziwa, akakuta fisi wameshamaliza. Tangu siku hiyo nyumba ile ya pwani haikumtoka kichwani. Alichunga akiiwaza, alikula akiiwaza, mpaka ng'ombe wakaingia shamba la watu akapigwa, naye bado akaiwaza. Mwisho akamwambia baba yake kwamba anataka kwenda pwani akajifunze kuosha wagonjwa. Ndahani alicheka mpaka akakohoa. "Kuosha watu! Wewe hata kuoga mwenyewe mpaka ufukuzwe kwa fimbo!" Halafu akaacha kucheka. Ilikuwa desturi mtoto akienda safari, baba anaweka maji kinywani na kumpulizia kifuani, hiyo ndiyo baraka. Ndahani akasema, "Maji ya kinywa changu huyapati. Nenda na ukavu wako." Matonya akaondoka alfajiri. Kwenye visima vya mchangani, kule korongoni, alimkuta mama yake anamsubiri. Lydia akachota maji kwa kiganja, akajaza kinywa, akampulizia kifuani. Baraka ya mwanamke haikuhesabiwa, na yeye alilijua hilo. Akamwambia, "Hii si ya desturi, baba. Lakini ndiyo niliyonayo." Wakaachana hapo.

Aliufuata msafara uliokuwa unashuka, akabebeshwa masufuria ya mpishi, akafika pwani miguu imevimba. Watoto wa mjini walimzunguka wakimcheka matundu ya masikio: "Mgogo! Ng'ombe zako umemwachia nani?" Nyumba aliikuta kweli, nyumba ya mapadri, na wagonjwa walikuwamo kweli. Lakini padri mkubwa alipomuuliza kwao ni wapi, naye akajibu Ugogo, padri alifurahi sana. "Basi wewe unajua ng'ombe!" Akapewa fimbo na kundi la ng'ombe wa misheni. Kijana alilia siku hiyo. Alikuwa ametembea nchi nzima kuwakimbia ng'ombe, na sasa amewakuta wanamngoja. Hapo ndipo wengi wetu tungerudi nyumbani, au tungetukana tukaondoka. Yeye alichunga mchana, akakamua jioni, na maziwa akayapeleka mwenyewe kwenye nyumba ya wagonjwa. Akishayapeleka hakutoka, aliosha vidonda mpaka afukuzwe akalale. Miaka miwili alifanya hivyo bila kutumwa, mpaka wakachoka kumfukuza. Pasaka ya mwaka 1900 alibatizwa, akaitwa Bartolomayo.

Mwaka 1902 ndui ilimpata yeye mwenyewe. Alilala siku nyingi bila kusema wala kujua mtu, akatolewa kando pamoja na waliokata roho. Wapagazi wa Ugogo waliokuwa wanatua mizigo pale walimwona akiwa hivyo, wakabeba habari: Matonya wa Ndahani amekufa. Hawakusema uongo, waliona walichokiona. Yeye akapona, uso umebaki na makovu kama tope lililopigwa na mvua ya mawe. Huku nyumbani wakanyoa nywele, wakaweka matanga, wakakizika kibuyu chake na fimbo yake ndani ya zizi badala ya maiti. Ndahani hakumaliza mwaka. Ng'ombe wote wakawa wa Chedego, naye akalipa mahari kwa wale waliokuwa fungu la kaka yake. Kwa Matonya huko pwani haikufika habari yoyote.

Mwaka 1909, wakati reli inakuja juu kuelekea Dodoma, ndui ilizuka katika kambi za vibarua, ikaingia vijijini. Bartolomayo alikuwa amebakiza miezi michache afunge nadhiri za ubradha, jambo aliloliomba kwa miaka. Padri mkubwa akamwambia angoje, afunge nadhiri kwanza, halafu atatumwa. Akajibu, "Padri, mimi nilifuata nyumba ya wagonjwa. Sasa nyumba yenyewe imehamia kwetu." Akaondoka bila nadhiri, bila kanzu ya mabradha, na katika maisha yake hakuipata tena nafasi hiyo.

Alifika kwao jua likiwa juu. Mama yake alikuwa anapepeta uwele mbele ya mlango. "Mbukwa, mama," akamwamkia kwa Kigogo. Lydia hakuujua ule uso, lakini sauti aliijua, na ungo ukamdondoka. Alipiga hatua mbili kumfuata, Chedego akamshika mkono. "Usimguse! Huyu tulimzika." Na kweli, kwa desturi ya ukoo ule, mtu aliyewekewa matanga akiingia kwa mlango anaingia na mauti, na kifo kinaanza na yule aliyemzaa. Chedego naye aliogopa kwa sababu nyingine, na hakuificha. "Kaka, kama ni wewe kweli, ng'ombe wako nimeshawatoa mahari. Sasa nimrudishe mke wangu?" Bartolomayo akacheka. "Kaa na mkeo. Mimi nilikimbia ng'ombe mara ya kwanza wakanifuata pwani, leo unataka kunirudishia?" Watu wakacheka pia, hata Chedego, lakini mkono wa mama hakuuachia.

Wazee wakakaa, wakamwambia iko njia. Achinjiwe kondoo mweusi, aombewe kwa mizimu, apewe jina jipya kama mtoto aliyezaliwa leo, kisha aingie nyumbani. Lakini kwa kuwa walishasikia amekuja kwa ajili ya wenye ndui, wakaongeza sharti: asiwaguse, na asimzike hata mmoja. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika mwimo. Alikuwa hajamgusa kwa miaka kumi na miwili. Kila mtu aliona jinsi alivyotaka kuingia. Akasema, "Jina nililonalo nilipewa kwa maji, silirudishi. Na hao wagonjwa ndio walionileta." Akageuka, akaenda kujenga banda lake ng'ambo ya korongo.

Huko alikusanya wagonjwa waliotupwa, wa kambi na wa vijiji. Msaidizi wake alikuwa mmoja tu, Bashiri, Mrangi wa Kondoa, mchuuzi wa chumvi na Mwislamu, ambaye mwenzake aliugua njiani akaletwa pale. Bashiri alikuwa na ulimi. "Ninyi Wagogo mnanyima maiti ardhi mnawapa fisi," alisema, "halafu mnashangaa fisi wenu wamenenepa." Akachukua jembe. Walichimba wote wawili, na kila maiti waliisomea kwa dini ya mwenyewe ikiwa inajulikana. Isipojulikana, kila mmoja aliomba kwa yake. Watu walisimama mbali wakipiga kelele kwamba watafukuza mvua, kwamba na wao watakufa. Bartolomayo akawajibu, "Mimi mmeshanizika. Aliyezikwa haogopi kaburi." Walipoona haugui, wengi waliamini kabisa kuwa ni mzimu. Yeye aliwaeleza wazi kwamba ndui ikishamshika mtu haimrudii, wala hakutaka kusifiwa kwa hilo. Na kila jioni Lydia alishuka mpaka ukingo wa korongo, akaweka chungu cha maziwa juu ya jiwe, akarudi bila kuvuka.

Mvua za mwaka 1910 zikachelewa. Desemba ikapita, uwele ukanyauka, ng'ombe wakaanza kuanguka. Lawama yote ikaenda ng'ambo ya korongo. Alfajiri moja, Bashiri akiwa ameenda Dodoma kutafuta chumvi, wanaume watatu walimkuta Bartolomayo anachimba kaburi la mtoto. Wawili walimshika. Wa tatu alimpiga kwa rungu mbavuni na kichwani mpaka akaangukia ndani ya lile shimo. Huyo wa tatu alikuwa Chedego.

Habari zilifika boma la Dodoma, na askari wakaja na minyororo. Kijiji kizima kikakusanywa penye banda, isipokuwa Lydia aliyebaki ukingo wa pili wa korongo. Kila mtu alijua, na Lydia alijua zaidi ya wote, maana aliliona rungu lilivyorudi nyumbani. Ilijulikana pia adhabu yake ni kitanzi. Askari akainama juu ya majeruhi aliyelala mkekani. "Sema jina tu. Nani kakupiga?" Bartolomayo alikuwa anapumua kwa shida. Chedego alikuwa amesimama mbele yake. Mama yao, kule ukingoni, alikuwa kati ya watoto wawili, mmoja anakufa na mwingine anangoja kutajwa. Bartolomayo akasema, "Bwana askari, uliza watu wote hapa. Mimi nilikufa mwaka 1902, matanga yangu yaliliwa. Maiti haina kesi." Askari akawageukia wazee kwa hasira: ni kweli? Wazee wakatazamana, wakasema ni kweli. Kaburi la kibuyu wakamwonyesha zizini. Askari akatukana, akachapa watu wawili watatu ovyo, akaondoka na minyororo yake mitupu.

Ndipo Lydia akavuka. Alimshika mwanawe mabega, akamwamuru Chedego ashike miguu, wakambeba mpaka nyumbani. Mzee mmoja akasimama mlangoni kuwazuia, akataja desturi, akataja mvua. Lydia hakumpandishia sauti. "Mvua ikienda, na iende. Na kifo kikianza na mimi, nimeshaishi. Mwanangu anaingia." Akamwingiza kwa mlango, akamlaza kwenye ngozi yake mwenyewe. Hapo Bartolomayo aliishi siku moja na nusu, akanyweshwa maziwa na mdogo wake, akafariki Januari 1911 kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake.

Wako wanaosimulia kwamba mvua ilinyesha saa ileile. Haikunyesha. Ilikuja baada ya wiki tatu, kidogo, na mwaka ule watu walipata njaa. Yanayokumbukwa kwa hakika ni haya: fisi hawakulifukua hata kaburi moja la korongoni, ingawa yalichimbwa kwa kina kifupi, Lydia, aliyetabiriwa kufa kwanza, aliishi mpaka akawa mkongwe asiyeona, na wagonjwa wengi waliokwenda kuomba penye kaburi la Bartolomayo wamesema wamepata nafuu. Chedego alibatizwa Sostenes. Hakumficha mtu alilolitenda, alilisema hata palipokuwa na wageni. Yeye na Bashiri walichukua yale majembe, na katika vijiji vile hakuna tena maiti aliyeulizwa amekufa kwa nini kabla ya kupewa ardhi.

Vijana wengi wanaondoka kwao bila baraka, kila mmoja na nyumba yake anayoiona mbali. Maisha ya Bartolomayo hayawakatazi. Ukitaka kwenda, nenda, na ukifika ukapewa ng'ombe wale wale uliowakimbia, wachunge. Lakini siku utakayosikia kwamba kwenu yuko mgonjwa ambaye hakuna anayetaka kumgusa, rudi, hata kama hawatakufungulia mlango.