Mwaka wa Toroli

Harufu ya mkonge uliolowa siipotezi hata nikiwa na mafua. Majuzi mjukuu wangu Naima, tunayekaa naye hapa Thamesmead, kanunua kigogo cha paka kukwaruzia kucha, kimezungushiwa kamba ya mkonge toka juu mpaka chini. Akakisahau nje kwenye balkoni, na mvua ya huku mnaijua, haijui kunyesha wala haijui kuacha. Asubuhi nafungua mlango, harufu ikaingia sebuleni kama mgeni asiyepiga hodi.

Nikamwambia, "Naima, baba yangu kakata mkonge mpaka mgongo ukawa ndoana. Kumbe masikini alikuwa anamhangaikia paka wa London!"

Naima Kiswahili anakisikia vizuri, ila majibu yake huja yamevaa koti na skafu. "Bibi, it's just for the cat." Nikamrudishia vilevile, pua juu, mabega yamepanda. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ndiyo kazi yangu hiyo, kuigiza watu. Shule sikuiona hata kwa dirishani, kwa hiyo nilichosoma ni midomo ya watu. Kule kwetu, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, nilikuwa naitwa Kasuku. Ukinisalimia vibaya leo, kesho utajisikia kisimani, sauti yako mdomoni mwangu.

Sasa mkonge ule ulinikumbusha mpira wa rungu. Wazungu wa Marekani wanauita besiboli. Karani mmoja Mgoa ndiye aliyetuletea, alisema aliuona kwa mabaharia bandarini, na nusu ya sheria nadhani alizitunga mwenyewe. Rungu la mti wa mpera, mpira wa nyuzi za mkonge zilizosokotwa na kuviringwa mpaka zikawa ngumu kama nazi, na vituo vinne vya kukimbilia, visiki vya mkonge mkavu. Vijana wa kambi za wakata mkonge walicheza wao kwa wao msimu mzima, mwisho kambi mbili zinakutana kwenye uwanja wa kiwanda, kwenye uvundo wa maganda ya mkonge, atafutwe bingwa.

Kombe hakukuwa na kombe. Zawadi ilikuwa mbuzi, na mbuzi huliwa. Kesho yake bingwa hana cha kuonyesha isipokuwa meno. Basi ubingwa wetu ukawa unakaa mdomoni. Kila mwaka kabla ya mechi ya mwisho, Mzee Kombo, aliyekuwa akipiga kengele ya kiwanda, alisimama katikati ya uwanja akawataja mabingwa wote tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa ugoro, sauti inatokea puani inazunguka kichwani ndiyo inatoka: "Mwaaaka wa niiizige! Kambi Mtaaaro!" Na watu wa Mtaro wanaitika, "Tupooo!" "Mwaaaka wa mvua iliyobeba daraaaja! Kambi ya Juuuu!" "Tupooo!" Mwaka usiotajwa pale ulikuwa haukuchezwa. Hata kama wewe mwenyewe ulikula ile nyama.

Sisi tulikuwa Kambi Relini. Hatukuwa tumetajwa hata siku moja. Mama Asumini wa Kambi ya Juu, mwanamke ana maneno kama pilipili kichaa, alikuwa akitupita kisimani na ndoo yake: "Hamjambo watu wa Relini? Mbuzi wenu hajambo? Aaa, samahani, nimesahau, nyie hamfugi!"

Mpaka kaka yangu Sefu alipoanza kushika rungu. Mrefu, mpole, mtu wa kutazama chini. Ule mwaka tukafika mechi ya mwisho na Kambi ya Juu, na Sefu akaupiga mpira ukavuka uwanja, ukavuka na tangi la maji. Yule aliyetumwa kuutafuta alirudi na kobe. Tukala mbuzi. Mama alimbebea Mama Asumini bakuli la supu, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake ya mwaka mzima.

Haukupita mwezi, toroli la reli ndogo, limejaa mafungu ya mkonge, likapinduka kwenye kona. Sefu alikuwa upande ule.

Nisiwadanganye kwamba nililia. Niliona watu wanakuja, nikaona mikeka inatandikwa, nikapewa chai. Kama mguu uliokaliwa: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Mama naye vilevile. Alipika, alifua, alikwenda kuni. Mtu akimsalimia anaitika. Ukimtazama unaona kama nyumba ambayo taa inawaka na wenyewe wamesafiri.

Mwaka ukazunguka. Sasa kulikuwa na desturi, na hapa ndipo penye shida. Mwaka ambao bingwa wake amekufa, mtu wa nje hautaji. Mpaka uanzwe na nyumba iliyofiwa, maana wazee wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nyumba ndiyo inaupa mwaka jina, nyumba ndiyo inaita kambi. Nyumba ikinyamaza, Mzee Kombo anaruka, na mwaka ule umeanguka, hauokotwi tena. Ingekuwa Relini hatujawahi kushinda. Ingekuwa Sefu hajawahi kupiga ule mpira.

Baba alikuwa kabaki kitandani na mgongo wake. Tulikwenda mimi na Mama, tukakaa chini na wanawake wa Relini. Mzee Kombo akasimama, akavuta ugoro, akaanza. Nzige, Mtaro. Daraja, Kambi ya Juu. Akaja, akaja, akafika kwenye mwaka wetu. Akatugeuzia uso.

Uwanja wote ukatutazama. Nakumbuka inzi kwenye maganda. Nakumbuka nyapara katoa saa yake mfukoni, kaitazama, kairudisha. Mama alikuwa anatazama mbele tu, mikono kwenye magoti. Jirani yetu akamnong'oneza, "Mama Sefu, sema, mwenzangu. Neno moja tu." Mama hakugeuka.

Upande wa Kambi ya Juu sauti ya Mama Asumini ikatoka, ila safari hii haikuwa na pilipili: "Jamani Relini, semeni. Nyie si ndio mlionipa supu?"

Mzee Kombo akakohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kuendelea. Ndipo Mama akanisukuma na goti lake. Hakunitazama. Akasema polepole, "Sema wewe. Sema kwa sauti ya Mzee Kombo."

Nikasimama. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele hayapo. Nikavuta pumzi puani kama mwenye ugoro, nikaitoa: "Mwaaaka wa torooli! Kambi Reliiini!"

Watu wakacheka. Walicheka kweli, jamani, ilikuwa yeye mtupu, pua na kila kitu. Halafu kicheko kikakatika katikati, maana neno toroli lilikuwa limewafikia. Kisha Relini yote ikaitika, "Tupooo!" Na Mzee Kombo akarudia kwa sauti yake, ikatetemeka kidogo, sauti ya nakala ikawa imara kuliko ya mwenyewe. Mwaka ukakaa. Kila mwaka baada ya hapo ukatajwa mpaka kiwanda kilipofungwa na watu wakatawanyika.

Mimi nilikaa chini nikawa sisikii chochote. Mama akanifunika bega na pindo la kanga. Mechi tulishindwa, na vibaya.

Miaka na miaka nilijisifu kwamba Mama alinichagua kwa sababu nina kipaji. Mpaka mume wangu alipofariki hapa London. Watu walijaa kwenye flat, Watanzania, Wakenya, manesi wametoka zamu hawajabadili nguo, na mmoja akasema mjane atuambie mawili matatu juu ya marehemu. Nikafungua mdomo. Naweza kumwigiza mchungaji, daktari, dereva wa basi, hata yule mama wa council anayesema pole huku anatazama kompyuta. Sauti ya kwangu mwenyewe haikuwepo. Nikamshika mkono Mama Furaha, jirani yangu Mkongo, nikamwambia, "Sema wewe." Akasema, na Kiswahili chake cha Lubumbashi: "Huyu muzee alikuwa mutu muzuri sana, alipenda bibi yake." Kwao bibi ni mke. Nikasikiliza kama habari za mtu wa mtaa wa pili. Niliweza kusikiliza.

Nikamwelewa Mama pale pale, nimekaa kwenye kochi na kikombe cha chai kimepoa. Alitaka mwaka wa mwanawe utajwe, na utoke nyumbani kwake kama desturi inavyotaka. Ila asingeweza kuusikia kwa sauti ya nyumbani.

Naima huwa ananiomba, "Bibi, do Mama Asumini," nafanya. "Do Mzee Kombo," nafanya, anakufa kwa kicheko. Siku moja akaniuliza Sefu alikuwa anaongeaje. Nikamwambia alikuwa mpole, hakuwa msemaji. Sauti yake ninayo, haijapungua hata kidogo. Sijawahi kuitoa.