Masanduku ya Ndege Yalifika Butembo

Baba yangu alikuwa mnunuzi wa kakao upande wa Beni, lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu kwamba yeye ni mtu wa ndege. Utotoni, kwenye misheni ya Lubero, padri mmoja mzee alimfundisha kuchuna ndege waliokufa: unapasua ngozi ya tumbo kwa wembe, unanyunyiza unga wa mahindi ili damu isichafue manyoya, unatoa nyama yote, unapaka dawa, unajaza pamba na kushona. Padri huyo alimpa pia kitabu juu ya Mzungu mmoja wa zamani sana, mtu asiyesomea chuo, aliyemaliza maisha yake akikusanya ndege waliokufa. Baba alitaka kuishi vile. Shida ni kwamba yule Mzungu, kwa jinsi baba mwenyewe alivyotusimulia, hakuoa. Baba alioa.

Siku moja mama alikwenda kusonga bugali akakuta unga umekwisha, umemwagwa wote juu ya hondohondo aliyelala chali mezani. Tulilala bila kula. Baba alishona hadi akamaliza, akatuita tumwangalie ndege wake, akakasirika tulipogeukia sufuria tupu.

Aliyeingia msituni hakuwa yeye. Alikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya. Yaya ndiye aliyetega nyavu na kupaka ulimbo kwenye matawi, akanyeshewa, akarudi na homa na ndege wamefungwa kwenye majani ya ndizi. Baba alikaa kwenye kivuli cha baraza akimsubiri. Kisha kwenye mguu wa kila ndege alifunga kikaratasi: jina la ndege, mahali alipopatikana, na jina la mkusanyaji. Jina hilo lilikuwa la baba.

Mauaji ya waasi yalipokaribia kijiji chetu tulikimbilia Butembo, magodoro kichwani, tukafikia kwa ndugu za mama. Wengine walililia mashamba. Baba alililia masanduku ya ndege wake yaliyobaki nyumbani. Alisema ukungu utaingia, mchwa wataingia. Asubuhi moja tukinywa chai alimgeukia yaya, ambaye wakati huo alikuwa mwanaume mzima mwenye mke.

"Weye ndiye unajua kuyapanga. Enda uyalete."

Mama aliweka kikombe chini. "Batu banakufa kule, na unatuma mutoto juu ya manyoya?"

"Haiko manyoya. Ni kazi ya maisha yangu."

"Mama, acha," yaya alisema. "Nitaenda, nitarudi."

Alikwenda na Hadji, jirani yetu wa Beni, Mwislamu mwenye lori ambaye bado alithubutu kupita njia ile kuokoa mali ya watu. Hadji alimpenda yaya. Aliahidi kumrudisha.

Lori lilirudi alasiri, mvua ikinyesha. Masanduku yalikuwa yamefungwa vizuri chini ya turubai. Hadji alishuka, akavua kofia, akabaki ameishika mkononi.

"Mutoto iko wapi?" mama aliuliza.

"Mama, alipakiza karibu yote. Ilibakia sanduku moja. Alituambia tutangulie barabarani, atatufikia nalo. Tukasikia masasi ya bunduki." Akajifuta mvua usoni kwa kofia. "Tulimungoja, mama. Wallahi tulimungoja. Kisha bale batu bakaanza kuya upande wetu."

Akalia pale pale, mtu wa heshima zake, mbele ya wapita njia. Mama hakulia. Alishika ubao wa lori kama mtu anayetaka kulizuia lisiondoke.

Baba alikuwa amekwisha kupanda juu. Nilimwona akifungua sanduku la kwanza, akinusa ndani, akipitisha kidole kwenye bawa jekundu la shorobo. Akafungua la pili na la tatu. Kisha akainua kichwa.

"La hondohondo liko wapi?"

Nimejaribu miaka yote hii kuamini kwamba hakuwa amesikia alichosema Hadji. Siwezi. Mvua haikuwa kubwa vile.

Mwili wa yaya hatukuupata. Waliofika baadaye walikuta nyumba imeungua. Tukasomewa misa bila jeneza, mke wake akarudi kwa wazazi wake huko Alimbongo. Matanga yalipokwisha, mama alimwomba baba jambo moja tu: kwenye vile vikaratasi, aandike na jina la mtoto wao.

"Hapana," baba alisema. "Jina linaloandikwa ni la mwenye mukusanyo. Ni vile banafanya."

"Banani banafanya?"

"Batu ba sayansi."

Mama alikusanya nguo zake, akahamia kwangu, kwenye nyumba niliyopanga. Hawakusemezana tena.

Baadaye shule moja ya huko milimani iliomba ndege wale. Siku ya kuwapokea, baba alivaa koti na tai, akasimama mbele ya wanafunzi. Alimshukuru padri aliyemfundisha. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru Hadji kwa lori lake, na watu wakapiga makofi. Jina la yaya halikutoka kinywani mwake.

Hadji hakungoja makofi yaishe. Alitoka nje, nami nikamfuata. Nilimkuta ameegemea ukuta.

"Dada," aliniambia, "mimi nilirudi na ndege. Bananipigia makofi juu ya nini?"

Niliegemea ukuta kando yake. Ndani, baba alikuwa akiwaeleza watoto tofauti ya mdomo wa chozi anayefyonza maua na wa kasuku, kwa sauti ya upole ambayo sisi hatukuwahi kuisikia nyumbani.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, hapa Butembo. Walimu walikuja na shada, wakamsifu kuwa mtaalamu. Mama alikwenda kaburini, akatupa udongo kama wengine, akasimama hadi mwisho. Tulipofika nyumbani alinawa mikono, akafunga kitenge kingine, akaniuliza kama maharagwe yamekwisha kuwekwa motoni.